Zimwi tumeliacha humohumo kwenye hadithi: shajara ya mradi wetu wa watoto, Lindi

JUNI, MWANZO

Nimeamua niwe naandika huu mradi unavyokwenda, manake kuna watu wa Masasi na Mikindani wameshaniuliza mnafanyaje huko, na ni bora wasome kitu chenyewe kuliko kuwaelezea juujuu kwenye simu.

Mradi wenyewe ni huu. Jumamosi baada ya alasiri watoto wa mtaani kwetu hapa Rasbura wanakusanyika uwani kwa bibi mmoja ambaye mtaa mzima tunamwita Bibi tu, chini ya mwembe, Bibi anasimulia hadithi, ikiisha tunafanya kazi moja ya mikono wote pamoja wakubwa na wadogo, alafu tunakunywa uji na kila mtu anarudi kwao kabla ya magharibi. Tuko Bibi mwenyewe, mwalimu mmoja wa chekechea, dada mmoja fundi cherehani, na mimi. Mfadhili hatuna. Unga tunachangishana, sukari inatoka kwa mwenye duka wa jirani ambaye wanawe wanakuja.

Kilichotusukuma ni Hidaya. Mnakumbuka Mei 2024 kile kimbunga kilivyopita kwenye pwani yetu, upepo na mvua, barabara ya Dar ikakatika kule Kilwa, mabasi yakawa yanazungukia Masasi, Tunduru mpaka Songea ndo yaitafute Dar, dukani vitu vikapanda. Sisi wakubwa tulihesabu hasara tukaendelea na maisha. Watoto hakuna aliyekaa nao chini akawauliza we uliona nini, ulisikia nini. Mwalimu wetu anasema mpaka leo mvua ikianza kupiga bati darasani kuna watoto wanaacha kuandika wanaangalia juu, na kuna mmoja wa darasa la pili anakusanya madaftari yake yote anayatia kwenye mfuko wa nailoni anaufunga fundo. Hata yakiwa manyunyu tu.

Na si kimbunga peke yake. Kuna watoto ambao baba yuko baharini wiki nzima, kuna walioletwa kulelewa na shangazi, kuna ambao msimu wa korosho ukifika wanabaki nyumbani na mkubwa wao wa miaka kumi kwa sababu wazazi wote wako shamba. Hayo hatuwezi kuyaondoa. Tunachotaka ni mtoto akipigwa na jambo awe na pa kushika, na awe anajua si yeye tu.

Mwezi huu wavulana wachache, wengine wamepelekwa jandoni maana ndo likizo yenyewe. Tunaanza na waliopo.

JUNI, JUMAMOSI YA ZIMWI

Leo Bibi kaanza na ile ya binti na ngoma. Wengi tumekua nayo ila kila nyumba ina namna yake, naiandika alivyoisema yeye kwa kifupi.

Hadithi hadithi! Watoto: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea! Wasichana walikwenda pwani kuokota kombe. Mmoja akaokota kombe zuri kuliko yote, akaliweka juu ya jiwe asilivunje, wakaendelea. Jua linazama wako njiani kurudi ndo anakumbuka kombe lake. Akawaambia wenzake nisindikizeni, wakasema tumechoka, nenda tu tutakusubiri hapa, na hawakumsubiri. Akaenda peke yake huku anaimba ili asiogope. Zimwi limekaa juu ya jiwe. Likamwambia imba tena, njoo karibu nikusikie. Likamkamata, likamtia ndani ya ngoma, likawa linazunguka vijiji, likipiga ngoma yule binti anaimba ndani, watu wanashangaa ngoma gani hii yenye sauti tamu, wanalipa chakula. Mpaka likafika kijijini kwao. Mama akasikia sauti. Hakupiga kelele. Akalikaribisha zimwi, akalipikia likashiba likalala, wakafungua ngoma wakamtoa mtoto, ndani wakajaza nyuki na siafu na nyoka, wakaifunga kama ilivyokuwa.

Wimbo Bibi anauimba kwa Kimwera, na watoto ambao Kimwera hawakijui kabisa waliushika mara ya pili tu.

Sa hapo ndo pakatokea mjadala. Baba mmoja alikuwa amekuja kumchukua mwanawe akasimama pembeni kusikiliza, ikaisha akaniita. Akasema kaka, hawa watoto usiku hawalali kwa kimbunga alafu mnawaongezea zimwi? Kwa nini msilitoe, binti aende akachukue kombe arudi salama. Alisema kwa adabu na alikuwa anasema kwa sababu anampenda mtoto wake, kwa hiyo nilimjibu kwa kirefu na hapa naandika kile nilichomjibu kwa sababu ndo uti wa mgongo wa huu mradi wote.

Hofu mtoto anayo tayari, hajaipata kwa Bibi. Aliipata siku bati lilipoanza kunyanyuka, au siku mama alipochelewa kurudi. Ila hiyo hofu haina umbo, iko tu kifuani, na haina mwisho. Zimwi lina miguu, lina tumbo, linapenda kula, linalala, na lina siku ya kushindwa. Mtoto akilisikia zimwi akiwa amebanana na wenzake kwenye jamvi, mkono wa dada yake umemshika, anaiingia hofu na anatoka upande wa pili, alafu anaiingia tena kwa sababu atasema Bibi rudia. Ukilitoa zimwi umebaki na msichana aliyekwenda kuchukua kombe. Hapo mtoto hajifunzi kitu, na kibaya zaidi anaelewa kwamba lile linalomtisha ni kubwa mno mpaka wakubwa wenyewe hawathubutu kulitaja.

Tena angalia nani analishinda. Hakuna jeshi wala malaika, ni mama na jikoni yake na akili yake, na majirani waliokwenda kutafuta nyuki. Mtoto wa Rasbura anawajua watu wa namna hiyo, anao nyumbani.

Yule baba akasema sawa, nitakaa nisikilize zaidi. Tukakubaliana sharti moja ambalo ni zuri na tumelichukua kama sheria: hadithi haiishii zimwi likiwa linatembea. Hata magharibi ikitukuta, tunamaliza, mtoto harudi nyumbani na nusu.

Baada ya hadithi ilikuwa tutengeneze ngoma za makopo lakini watoto walitaka kugombana kwanza, kwamba wale wasichana wengine kwa nini hawakurudi naye. Tukawaacha. Binti mmoja wa darasa la nne akasema walikuwa wamechoka kweli, na kuchoka si kosa. Mwingine akasema basi wangemwambia ukweli kwamba hatutakusubiri. Ilikuwa mazungumzo mazito kuliko mikutano mingi ya wakubwa niliyokaa.

JULAI

Mchezo wa sauti. Wazo ni la fundi cherehani. Tulitandaza kanga mbili kwenye kamba, watoto nyuma, wazazi na walezi mbele wamekaa chini. Mtoto mmoja anaimba kipande cha wimbo wa binti wa kwenye ngoma, hajionyeshi, na mzazi anatakiwa aseme huyo wangu. Tuliwatangazia mapema kwenye grupu la WhatsApp la mtaa wakaja wengi kuliko tulivyotegemea, akina mama wengi, akina baba wachache ila walikuwepo, na yule baba wa mwezi uliopita akakaa mstari wa mbele.

Kuna mtoto mmoja ametoka upande wa Kilwa, yuko kwa shangazi yake tangu mwaka jana, ni mkimya, tena ndo huyohuyo wa madaftari. Nilimwona anasogea nyuma ya foleni kila zamu yake ikikaribia. Shangazi anakaanga samaki sokoni, alikuwa hajafika. Mwalimu akanikonyeza tusimlazimishe. Tukawa tunapanga tuseme muda umeisha, shangazi huyo anaingia, ndoo kichwani, nguo zinanuka samaki, anapumua. Akakaa. Mtoto akasimama nyuma ya kanga na hakuimba. Alikohoa tu kidogo, nadhani alikuwa anasafisha koo aanze. Shangazi akanyanyuka palepale: "Huyo wangu! Hata akikohoa namjua!"

Watu walicheka na kupiga makofi, na yule mtoto akatoka pale nyuma akaimba wimbo wote mwanzo mpaka mwisho akiwa mbele ya watu. Sikuwahi kusikia sauti yake kwa urefu huo.

Jioni ile tukabaki na mwalimu tunaongea na nikamsimulia utafiti wa kisiwa cha Kauai, Hawaii, ambao naupenda kwa sababu haukuangalia watoto mwaka mmoja ukaondoka. Mwanasaikolojia Emmy Werner na mwenzake Ruth Smith waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa kisiwani humo mwaka 1955, wakawafuata mpaka utu uzima wao, miaka arobaini. Karibu theluthi yao walikulia kwenye shida zilizorundikana, umaskini, ugomvi wa nyumbani, mzazi mgonjwa au mlevi. Na kati ya hao wa shida, kama theluthi walikuja kuwa watu wazima wenye uwezo, wanaojiamini na wanaowajali wenzao. Watafiti wakauliza hawa walikuwa na nini? Moja ya majibu ni kwamba kulikuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyewapenda bila kuyumba, na si lazima awe mzazi, alikuwa bibi, shangazi, jirani, mwalimu. Jibu lingine, wengi wao walikuwa wamepewa kazi ya kweli ya kusaidia, kulea wadogo, kubeba jukumu ambalo wasipolifanya kuna mtu atakosa.

Mwalimu akasema bas hilo la pili ndo tuliongezee nguvu. Watoto wetu kazi wanazo nyingi, ila wanatumwa. Hakuna anayewaambia bila wewe hii isingefanyika.

Kuanzia wiki hiyo uji unapikwa na watoto wakubwa, wadogo wanapanga vikombe, na kuna mmoja kazi yake ni kuhakikisha Bibi amepata wa kwanza.

AGOSTI

Mahudhurio madogo, watoto wamekwenda Nanenane Ngongo na wazazi wao, wengine wanasaidia kusafisha chini ya mikorosho. Tumefanya hadithi ya sungura na kisima, ile wanyama wote wanachimba sungura anakataa alafu anakuja kuiba maji, kobe anamnasa kwa ulimbo. Imekwenda vizuri. Ubishi ulikuwa sungura asamehewe au asisamehewe, wakaamua achimbe kisima cha pili peke yake. Hakuna zaidi.

SEPTEMBA

Huu mwezi nitaandika sana.

Nilitaka hadithi ambayo si ya kubuni, ya hapahapa, ya watu waliobeba kitu kizito. Na Lindi tunayo kubwa kuliko zote na watoto wengi hawajawahi kuambiwa: kilima cha Tendaguru. Yule mjusi mkubwa wa kale, dinosaria, ambaye mifupa yake imesimamishwa makumbusho ya Berlin, urefu wa kwenda juu unazidi mita 13, alichimbwa huku kwetu mkoani Lindi kati ya mwaka 1909 na 1913. Wajerumani waliandika vitabu na majina yao yanajulikana. Ila waliochimba ni watu wa huku, mamia yao, na msimamizi wao mkuu aliitwa Boheti bin Amrani, ndiye aliyekuwa mtaalamu wa kuitambua mifupa na kuitoa ardhini bila kuivunja. Na mifupa haikupanda gari. Ilifungwa kwenye mizigo, watu wakaibeba kichwani na begani, ile mikubwa ikaning'inizwa kwenye mti watu wakaishika huku na huku, wakatembea siku kadhaa mpaka bandarini hapa Lindi, wakashusha, wakarudi kuchukua mingine. Zaidi ya tani 200 zilisafiri hivyo.

Na ilikuwa lini? Vita vya Maji Maji 1905 mpaka 1907 ndo vimetoka kupita, na njaa kali ikafuata nyuma yake. Wale wabebaji walikuwa watu waliozika ndugu zao juzijuzi. Watoto nimewaambia hivyo hivyo bila kupunguza, kwa lugha yao. Mmoja akauliza, walikuwa wanaogopa mifupa? Nikamjibu sijui waliogopa nini ila najua walibeba. Bibi akaingilia akasema mkiwa wengi mfupa ni mfupa tu.

Kazi ya siku hiyo: kuna gogo la mkorosho lilikuwa limelala nyuma ya nyumba ya Bibi tangu mwaka jana, tukawaambia tunalitaka chini ya mwembe liwe kiti, wakubwa hatugusi, sisi kazi yetu kuangalia vidole tu. Wavulana wawili wakubwa wakajaribu kwanza kwa nguvu, gogo likakataa. Wakajaribu kuvuta na kamba, kamba ikakatika. Wakakaa chini kama dakika kumi wakibishana, na hapo mtu mzima unatamani sana kuingilia, mwalimu alinishika mkono. Kisha binti wa darasa la nne, yule wa kuchoka si kosa, akasema tufanye kama wale wa mifupa, tuweke miti chini yake. Wakatafuta miti, wakapanga pande mbili kwa urefu wa mtu ili bega lisizidiane, wadogo wasioweza kubeba wakapewa makopo yao wapige ili miguu iende pamoja. Likanyanyuka. Likaanguka mara mbili njiani, hakuna aliyeumia, wakapumzika, wakabadilishana mabega. Sa hivi liko chini ya mwembe na wanalikalia kwa zamu, mgeni akija anaambiwa historia yake kabla hajakaa.

Wiki iliyofuata tukaenda ndani zaidi. Kila mtoto achague jiwe, aseme jiwe lake ni mzigo gani, kama hataki kusema asiseme, aliweke tu katikati. Wengine wakasema hesabu, mmoja mbwa wa jirani. Kuna msichana wa miaka tisa akaweka jiwe kubwa akasema: mama akienda kuuza vitumbua alfajiri nabaki na mdogo wangu, akilia najifanya siogopi lakini naogopa. Kukawa kimya. Alafu rafiki yake wa nyumba ya tatu akasema, si unigongee ukuta? Wakaanza kupanga, kugonga mara moja maana yake nini, kugonga mara mbili maana yake nini. Jumatatu mama wa huyo rafiki akaenda mwenyewe kuongea na mama wa vitumbua na sasa mdogo analetwa kwake alfajiri. Sisi wa mradi hatukufanya chochote hapo zaidi ya kuleta mawe.

Jambo moja naliandika kwa uzito kwa wanaotaka kuiga hii ya mawe. Mtoto anaweza kusema kitu ambacho hadithi haiwezi kukibeba. Kwetu kimesemwa kimoja, hapa sikiandiki, tulikipeleka ustawi wa jamii siku iliyofuata. Kabla hamjaanza jueni ofisi ya ustawi wa jamii ya kata yenu iko wapi na dawati la jinsia na watoto polisi liko wapi, na muwafundishe watoto namba 116, simu ya msaada kwa mtoto, haina malipo. Na mtoto ambaye hali, halali, amebadilika muda mrefu, apelekwe hospitali. Bibi ni hodari lakini si daktari na mwenyewe ndo wa kwanza kulisema.

OKTOBA NA NOVEMBA

Korosho. Mtaa umekuwa mweupe, familia ziko mashambani, minada imeanza, mazungumzo yote ni bei. Tulishajua mahudhurio yatashuka kwa hiyo Septemba mwishoni tuliwapa watoto wakubwa kazi, kila mmoja aondoke na hadithi moja aliyoishika vizuri akawasimulie wenzake huko shamba pale mnapokaa kutenganisha korosho na bibo lake, mikono inafanya kazi na masikio yako bure. Ni wakati mzuri sana wa hadithi na zamani ndo ulikuwa wenyewe, sa hivi mtu anawasha simu.

Wamerudi mmojammoja na hadithi zimebadilika. Zimwi la mmoja limekuwa mnunuzi wa kangomba, yule anayenunua korosho kwa bei ya chini nje ya mnada, linapita nyumba kwa nyumba wakati wa njaa linanunua korosho ambayo bado ni ua juu ya mti, na anayeuza anajikuta ndani ya ngoma. Bibi aliposikia alimwita akamfanya arudie mbele ya watu wazima. Yule wa Kilwa yeye kaongeza mtu: msichana mmoja kati ya wale waliochoka anarudi usiku na kibatari kumtafuta mwenzake, anapotea njia, hamkuti, ila mama anapata habari kupitia kwake kwamba mtoto alikuwa pwani. Hatukumwambia aongeze. Ameiandika kwenye daftari la mradi kwa mkono wake mwenyewe.

Mimi nadhani hapa ndo kipimo cha kweli cha huu mradi. Mtoto anayeweza kuivunja hadithi na kuijenga upya hajameza tu, ameona kwamba kinachotokea mbele kinaweza kubadilishwa na mtu, na huyo mtu anaweza kuwa yeye. Kwa hiyo tumekubaliana hakuna kumsahihisha mtoto kwamba hadithi haiendi hivyo. Bibi mwenyewe alisema mama yake alikuwa anaisema tofauti.

DESEMBA

Huku kwetu mvua ni za msimu mmoja, Novemba mpaka Aprili, na mwezi huu zimeshika. Tulitaka ziwakute watoto wakiwa na kitu cha kufanya mkononi, kwa hiyo Jumamosi mbili tulichora ramani ya mtaa kwenye magunia yaliyoshonwa pamoja na fundi cherehani, kwa mkaa na rangi za unga. Mfereji unapita wapi, maji yalisimama wapi mwaka jana, nyumba gani ina mzee asiyeweza kukimbia, shule, msikiti, nyumba zilizo juu, nani ana redio ya betri ya kusikiliza taarifa za mamlaka ya hali ya hewa. Watoto wanajua vichochoro kuliko mwenyekiti wa mtaa. Walitaja njia ya nyuma ya kisima ambayo mimi miaka yote sikuijua.

Alafu tukasema kila nyumba iwe na mfuko wa vitu visivyotakiwa kulowa, cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, daftari, kiberiti. Na hapo mwalimu akamwita yule mtoto wa madaftari aje aonyeshe wenzake fundo lake, manake kwa kweli ni fundo zuri, anakunja mdomo wa mfuko mara tatu anausokota anaurudisha chini ndo anafunga, tulijaribu kwenye ndoo ya maji karatasi ikatoka kavu. Alifundisha watoto wote na wazazi waliokuwepo, akawa anapita anakagua, hili limelegea, hili sawa. Shangazi yake alikuwa anaangalia mlangoni hajasema neno.

Mvua kubwa ya kwanza ilipiga katikati ya wiki, usiku. Asubuhi tukapita nyumba kwa nyumba kuuliza hali. Mama mmoja anasema wanawe walikaa kitandani wakaanza wimbo wa kwenye ngoma, na nyumba ya pili wakajibu, ikawa hivyo mpaka mvua ikapungua. Nyumba nyingine watoto walilala tu. Nyumba nyingine mtoto wa miaka mitano alilia usiku mzima na bado anaogopa, mama yake amechoka, na huyo naandika hapa ili tusimsahau kwenye furaha ya wengine. Bibi amesema atakuwa anakwenda kulala huko mvua zikikaza. Na darasani hatujui bado, shule zimefungwa.

JANUARI

Shule zimefunguliwa. Mwalimu anasema mfuko wa nailoni upo bado ndani ya begi la mtoto wetu na mvua ikianza anautoa, ila sasa anatoa na mingine anawagawia wa dawati lake, alafu wanaendelea kuandika.

Mambo yaliyobaki. Akina baba bado wachache, wakija wanasimama pembeni, tunafikiria kazi ambayo inawahitaji wao, pengine kuchonga, kuna mzee wa Kimakonde amekubali kufundisha vinyago vidogo vya mti laini ila anataka visu vihesabiwe kabla na baada, sharti tumelipokea. Jamvi limechakaa. Uji wa mwezi huu umetosha. Watu wa Masasi watakuja kuangalia kabla hawajaanza kwao na nimewaomba waje na bibi au babu wao, wasije na makaratasi tu, maana kitu cha kwanza cha kutafuta ni msimulizi ambaye watoto wanaweza kumgongea mlango siku isiyo Jumamosi.

Jumamosi hii ni zamu ya yule binti wa darasa la nne, ambaye sasa yuko la tano, kusimulia hadithi nzima peke yake, na Bibi atakaa kwenye gogo na watoto wengine. Wenye magunia matupu waleteni, ramani inaongezwa upande wa juu.